Kizazi cha Penang: Wachezaji Wakuu wa Skwoshi wa Malaysia tangu 1998

Historia ya skwoshi nchini Malaysia husimuliwa mara nyingi kana kwamba ni historia ya mtu mmoja, Nicol David, mwanamke wa kisiwa cha Penang aliyetwaa ubingwa wa dunia mara 8 kati ya 2005 na 2014, na aliyekaa nafasi ya kwanza katika orodha ya ubora duniani kwa miaka 9 mfululizo. Masimulizi hayo yana ukweli, kwa kuwa hakuna mchezaji mwingine wa taifa hilo, wa kike wala wa kiume, aliyefika alipofika yeye. Hata hivyo, yanafunika jambo lenye uzito zaidi, nalo ni kwamba bingwa huyo alitanguliwa, akasindikizwa na kisha akafuatwa na wachezaji wengine ambao njia zao zilipitia mashindano yaleyale na taasisi zilezile. Wakitazamwa kwa pamoja, wachezaji hao wanaonyesha kwamba bingwa wa nchi ambayo bado inajijenga katika mchezo hatokei kwa bahati, bali ni zao la maandalizi, na kwamba ubora wa maandalizi hayo hauthibitishwi na bingwa wa kwanza peke yake, bali na wale wanaokuja baada yake.

Skwoshi huchezwa na watu wawili ndani ya chumba chenye kuta nne, urefu wake mita 9.75 na upana wake mita 6.4. Kila mchezaji, kwa zamu yake, huupiga kwa raketi mpira mdogo wa mviringo uliotengenezwa kwa raba, nao hauna budi kugonga ukuta wa mbele juu ya kizuizi cha chini kiitwacho bati, kisha mwenzake aurudishe kabla haujadunda sakafuni mara ya pili. Mchezo huu ulianzia katika shule ya Harrow nchini Uingereza katika karne ya 19, na maofisa wa jeshi, watawala na wafanyabiashara wa Kiingereza wakausambaza katika makoloni yao. Katika Malaya ya wakati huo, kama ilivyokuwa Nairobi na Dar es Salaam, viwanja vya skwoshi vilijengwa ndani ya vilabu ambavyo uanachama wake ulifuata rangi na cheo, na wenyeji wengi waliingia humo kama watumishi na si kama wachezaji.

Katika nchi moja, utumishi huo ndio uliozaa mabingwa. Hashim Khan, aliyekulia karibu na Peshawar na kuanza utotoni kwa kuwaokotea mipira maofisa wa Kiingereza, alishinda mashindano ya wazi ya Uingereza mwaka 1951, na baada yake ndugu na jamaa zake wakaifanya Pakistan kuwa dola kuu ya mchezo huo hadi katika miaka ya 1990. Malaysia haikurithi ukoo wa namna hiyo. Ilipopata uhuru mwaka 1957 haikuwa na jina lolote katika skwoshi ya dunia, na chama cha taifa cha mchezo huo kilianzishwa katika miaka ya 1970, wakati ambapo skwoshi ilikuwa ikitoka taratibu katika vilabu vya kikoloni na kuingia katika maisha ya watu wa tabaka la kati mijini, yaani walimu, wahandisi, wanasheria na maofisa wa serikali. Kwa kukosa urithi wa kifamilia, nchi hiyo ililazimika kutegemea shule, makocha na taasisi za umma, na tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa kuelewa yote yaliyofuata.

Mahali ambapo maandalizi hayo yalishika mizizi mapema ni Penang, kisiwa cha kaskazini-magharibi ambacho mji wake mkuu, George Town, ulianzishwa na Waingereza mwaka 1786 kama bandari ya biashara. Wamalay, Wachina na Wahindi waliishi humo kwa ujirani wa karibu, na katika kituo cha skwoshi cha Bukit Dumbar watoto wa jamii hizo walikutana chini ya makocha waliowafundisha tangu wakiwa wadogo. Nicol David, aliyezaliwa tarehe 26 Agosti 1983, ni mtoto wa mchanganyiko huo. Baba yake, mhandisi, ni wa asili ya Kihindi, na mama yake, mwalimu, ni wa asili ya Kichina. Alianza kucheza akiwa na umri wa miaka 5, akiwafuata dada zake wawili waliokuwa tayari wakienda uwanjani, na miongoni mwa waliomlea kimchezo alikuwemo kocha Aaron Soyza, ambaye miaka mingi baadaye angemfundisha pia mchezaji mwingine mkubwa wa kisiwa hicho, Low Wee Wern. Kituo chenyewe hivi leo kinaitwa kwa jina la Nicol David.

Kipaji cha watoto wa Penang kisingefika mbali bila uamuzi wa kisiasa uliofanywa Kuala Lumpur. Mwaka 1998 mji huo ulikuwa wa kwanza barani Asia kuandaa Michezo ya Jumuiya ya Madola, na kwa mara ya kwanza skwoshi iliingizwa katika ratiba ya michezo hiyo. Miezi michache baadaye ilichezwa pia kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Asia, iliyofanyika Bangkok. Mabadiliko hayo mawili yalikuwa na athari kubwa kuliko yanavyoonekana, kwa sababu serikali nyingi hugharimia michezo kwa kuhesabu medali zinazoweza kupatikana katika mashindano ya mataifa, na mchezo usiokuwa na medali hubaki mikononi mwa vilabu na wazazi. Skwoshi ilipopata nafasi katika mashindano makubwa mawili ndani ya mwaka mmoja, Baraza la Taifa la Michezo la Malaysia lilikuwa na hoja ya kulipia makocha, kambi za mazoezi na safari za vijana. Shule maalumu ya michezo ya Bukit Jalil, iliyofunguliwa mwaka 1996, ilikuwa sehemu ya mwelekeo huohuo wa kuwatafuta wanamichezo wakiwa wangali shuleni na kuwafundisha masomo na mchezo chini ya paa moja.

Matunda ya kwanza yalionekana mwaka huohuo. Ong Beng Hee, kijana wa Penang aliyezaliwa mwaka 1980, alishinda ubingwa wa dunia wa chipukizi mwaka 1998, yaani mashindano ya wachezaji walio chini ya umri wa miaka 19, katika mchezo ambao kwa upande wa wanaume ulikuwa umetawaliwa kwa muda mrefu na Wapakistani, Waingereza na Waaustralia. Mwezi Desemba, huko Bangkok, Nicol David akiwa na umri wa miaka 15 alitwaa dhahabu ya wanawake ya Michezo ya Asia. Ong alihamia Uingereza ili afanye mazoezi na wachezaji waliomzidi, na kufikia mwisho wa 2001 alikuwa ameingia nafasi ya 7 katika orodha ya wanaume duniani. Alishinda dhahabu ya Michezo ya Asia mwaka 2002 huko Busan na tena mwaka 2006 huko Doha. Ni yeye, kabla ya Nicol David, aliyethibitisha kwamba Mmalaysia angeweza kuishi kwa kazi ya skwoshi na kuheshimiwa katika kila uwanja wa dunia, na kumtaja kama mchezaji wa pili tu wa kizazi chake ni kumpunja haki yake.

Safari ya Nicol David yenyewe haikuwa mstari ulionyooka. Alishinda ubingwa wa dunia wa wasichana chipukizi mwaka 1999 huko Antwerp, akautwaa tena mwaka 2001 nyumbani Penang, na kati ya mashindano hayo mawili, mwaka 2000, akajiunga na ligi ya wachezaji wa kulipwa. Ligi hiyo ni mfululizo wa mashindano ambayo kila moja hutoa fedha na pointi, na pointi hizo ndizo zinazopanga orodha ya ubora duniani. Watu wengi walidhani njia ilikuwa imekwisha kufunguka, lakini mwaka 2002 alishindwa kutetea dhahabu yake ya Asia, akipoteza fainali ya Busan kwa Rebecca Chiu wa Hong Kong, na baada ya hapo alijiweka kando ya mchezo kwa miezi kadhaa. Aliporejea, alifanya uamuzi uliobadili maisha yake: mwaka 2003 alihamia Amsterdam kufundishwa na Liz Irving, Mwaustralia aliyewahi kuwa mchezaji wa pili kwa ubora duniani.

Uamuzi huo unafundisha jambo kuhusu mipaka ya nchi inayojijenga. Penang na Kuala Lumpur ziliweza kumfikisha mchezaji katika ubingwa wa chipukizi, kwa kuwa hatua hiyo hutegemea misingi ya ufundi, nidhamu na mwili uliofunzwa mapema. Hatua ya juu zaidi ilihitaji wapinzani wakali wa kufanya nao mazoezi kila siku, pamoja na kocha aliyekwisha kucheza fainali kubwa mwenyewe, na vitu hivyo vilipatikana Ulaya. Ubora wa mfumo wa Malaysia ulikuwa katika kukubali ukweli huo bila kinyongo. Nchi haikumlazimisha mchezaji wake abaki nyumbani kwa ajili ya fahari, wala haikumtupa alipokwenda mbali. Mcheza kwao hutuzwa, husema Waswahili, nayo Malaysia ilimtuza mwanawe hata alipokuwa akiishi Uholanzi.

Akiwa na Irving, Nicol David alikamilisha mtindo uliomfaa mtu wa umbo dogo na miguu myepesi. Katikati ya uwanja wa skwoshi mistari miwili hukutana na kuunda alama ya T, na mchezaji anayewahi kurudi hapo baada ya kila pigo huwa karibu na kila pembe ya chumba, huku mwenzake akikimbizwa huku na huko. Yeye aliwahi pale kuliko wapinzani wake wote, akarudisha mipira ambayo wengine waliihesabu kuwa imekwisha kufa, na mwishoni mwa mchezo mrefu ndiye aliyekuwa na pumzi. Mwaka 2005 huko Hong Kong alimshinda Rachael Grinham wa Australia na kuwa bingwa wa dunia, na Januari 2006 akawa mwanamke wa kwanza wa Asia kushika nafasi ya kwanza duniani. Mwaka huo, mjini Belfast, alitetea taji lake. Baada ya kutolewa mapema Madrid mwaka 2007, alishinda mara 5 mfululizo, katika Manchester, Amsterdam, Sharm el Sheikh, Rotterdam na Grand Cayman, kati ya 2008 na 2012. Katikati ya miaka hiyo hata hesabu ya pointi ilibadilishwa: zamani seti ilimalizika kwa pointi 9, na mchezaji aliyeanzisha mpira peke yake ndiye aliyeweza kupata pointi, lakini tangu 2008 wanawake walicheza hadi pointi 11, na kila mpira ukawa na pointi yake. Mabadiliko hayo yaliwafaa wachezaji wa kushambulia kuliko wa subira, lakini hayakumng'oa.

Yaliyomng'oa yalikuja polepole kutoka Misri. Mwaka 2014, mashindano ya dunia ya msimu wa 2013 yalipochezwa Penang, mbele ya watu wake, alishindwa katika nusu fainali na Nour El Sherbini, aliyekuwa bado na umri wa miaka 18. Mwezi Desemba mwaka huohuo alijibu kwa ushindi ambao huenda ndio mkubwa kuliko yote aliyoyapata: katika fainali ya Cairo dhidi ya Raneem El Weleily, mwenyeji, alikuwa nyuma kwa seti 2 kwa 1, akaponea chupuchupu seti ya nne kwa 14-12, kisha akamaliza ya tano kwa 11-5 na kutwaa taji lake la 8. Mwaka uliofuata bati la viwanja vya wanawake lilishushwa kutoka sentimita 48 hadi 43, sawa na la wanaume, na pigo la chini linalokufa karibu na ukuta wa mbele, ambalo ndilo silaha ya Wamisri, likawa na thamani zaidi. Septemba 2015 El Weleily alichukua nafasi ya kwanza. Nicol David alistaafu mwaka 2019, akiwa ameshinda mataji 81 ya ligi ya kulipwa. Rekodi yake ya mataji 8 ya dunia kwa wanawake ilifikiwa na El Sherbini mwaka 2025.

Wenzake wa kizazi kile wanastahili kutajwa kwa uzito wao wenyewe. Azlan Iskandar, aliyezaliwa Kuching katika jimbo la Sarawak, aliingia katika kumi bora ya wanaume na kushinda dhahabu ya Michezo ya Asia mwaka 2010 huko Guangzhou, mashindano ambamo Nicol David naye alishinda kwa wanawake, hivi kwamba Malaysia ilishika mataji yote mawili ya mchezaji mmojammoja barani. Low Wee Wern, aliyezaliwa Penang mwaka 1990, alifika nafasi ya 5 duniani mwaka 2014, na mwaka huo alikutana na Nicol David katika fainali ya Michezo ya Asia huko Incheon, fainali ya Wamalaysia wawili, wote wa kisiwa kimoja. Mwezi Desemba timu ya wanawake ilifika fainali ya ubingwa wa dunia wa timu nchini Kanada na kushindwa na Uingereza. Majeraha ya goti yaliyofuata yalimnyima Low miaka ambayo huenda ingekuwa bora kuliko yote katika maisha yake ya mchezo, na kisa chake kinakumbusha kwamba kila jina kubwa lina jingine kando yake ambalo mwili ulilikatalia.

Jambo moja liliitesa skwoshi kwa muda wote huo, nalo ni kukosa Olimpiki. Mchezo uliomba kuingizwa na ukakataliwa mwaka 2005, mwaka 2009 na mwaka 2013, ingawa Nicol David alikuwa miongoni mwa waliousemea mbele ya viongozi wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, na alisema wazi kwamba angekuwa radhi kubadilisha mataji yake yote ya dunia kwa medali moja ya dhahabu ya Olimpiki. Kwa mataifa tajiri kukataliwa huko kulikuwa ni suala la heshima tu, lakini kwa nchi kama Malaysia kuligusa mfuko, kwa kuwa mchezo wa Olimpiki ndio unaogawiwa fedha kwanza. Malaysia, ambayo hadi michezo ya Paris mwaka 2024 haijapata dhahabu ya Olimpiki katika mchezo wowote, ilimlea kwa karibu muongo mzima mchezaji bora wa dunia katika mchezo ambao Olimpiki haikuutambua. Kuendelea kuugharimia mchezo huo kwa miaka hiyo yote ni uamuzi wa hekima ambao haujasifiwa vya kutosha. Ndani ya mchezo wenyewe haki ilisonga mbele kwa mwendo wa kasi zaidi: mwaka 2013, mashindano ya wazi ya Marekani yalipotoa zawadi sawa kwa wanaume na wanawake, taji la wanawake lilichukuliwa na Nicol David.

Mtihani wa kweli ulikuja alipoondoka. Katika fainali ya Michezo ya Asia ya 2018 huko Jakarta, mwaka aliotimiza miaka 35, alikutana na Sivasangari Subramaniam, msichana wa miaka 19 kutoka jimbo la Kedah lililo jirani na Penang, na akamshinda kwa seti 3 kwa 2 tu. Sivasangari alisoma katika chuo kikuu cha Cornell nchini Marekani, njia ambayo sasa huwapa wachezaji wengi wa Asia elimu na ushindani kwa pamoja. Mwaka 2022 ajali mbaya ya gari ilimwumiza uso na mfupa wa shingo, ikamkosesha Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham. Mwaka uliofuata, huko Hangzhou, alitwaa dhahabu ya wanawake ya Michezo ya Asia, na kwa upande wa wanaume dhahabu ilikwenda kwa mwenzake Ng Eain Yow, aliyemshinda Saurav Ghosal wa India. Mwaka 2024, jijini London, Sivasangari alishinda mashindano makubwa kwa kuwaangusha El Sherbini na Hania El Hammamy, wote Wamisri wa safu ya mbele kabisa duniani, na Ng naye akaingia katika kumi bora ya wanaume.

Tofauti na Pakistan iko hapo. Baada ya Jansher Khan kutwaa ubingwa wa dunia kwa mara ya mwisho mwaka 1996, hakuna mwanamume mwingine wa Pakistan aliyeutwaa tena, kwa sababu ujuzi uliokuwa umehifadhiwa katika familia chache haukupata shule za kuupokea familia hizo zilipochoka. Malaysia haikuwahi kufikia utawala wa Pakistan wa zamani, lakini ilijenga kitu kinachodumu zaidi, yaani mpangilio ambamo mtoto wa Mchina wa Penang, wa Mmalay wa Kuching au wa Mhindi wa Kedah hupitia mlango mmoja na kupimwa kwa kipimo kimoja. Ujuzi huo hata umevuka mipaka: Ong Beng Hee alikwenda kuinoa timu ya taifa ya Marekani, naye Nicol David, baada ya kustaafu, alianzisha taasisi inayowafundisha watoto wa nchi yake skwoshi pamoja na lugha ya Kiingereza.

Mwezi Oktoba 2023, mkutano wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki uliofanyika Mumbai uliidhinisha skwoshi kuchezwa Los Angeles mwaka 2028. Kizazi cha Penang hakitakuwepo uwanjani, na medali yoyote itakayopatikana itaandikwa kwa majina mengine. Hata hivyo, Mmalaysia atakayeingia katika kile chumba cha kuta nne atakuwa amefundishwa katika mfumo uliotiwa nguvu na maamuzi ya 1998, na kwa nchi yoyote inayotaka kuinuka katika mchezo, ikiwa ni pamoja na nchi za Afrika Mashariki zilizorithi viwanja vya aina ileile kutoka kwa watawala walewale, funzo la Malaysia ni kwamba bingwa wa kwanza huipa nchi sifa, lakini wa pili na wa tatu ndio wanaoipa haki ya kuitwa taifa la skwoshi.